Riwaya ya mapenzi ya vijana wenye selimundu: nisikosee wapi?

KalamuMpya: Wakuu, habari za jioni. Naandika riwaya ya vijana. Neema na Baraka wako kidato cha tatu, shule ya bweni Njombe, wote wana selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu kupinda kama mundu), wamefahamiana kliniki. Nimekwama: maumivu yakimshika Neema niyaandikeje? Siku ambazo haumwi ugonjwa uonekane wapi? Na wakianza kuzungumzia ndoa, damu zao zinasema nini? Mwishoni nimepanga Neema afariki.

Muuguzi_Damu: Njombe umechagua vyema, basi itumie. Baridi ya Juni na Julai inatosha kuamsha maumivu: mishipa inajibana, chembe zenye umbo la mundu zinakwama, mfupa unakosa oksijeni. Vichocheo vingine ni kuoga maji ya baridi alfajiri, mchakamchaka bila kunywa maji, malaria, hata hedhi. Chagua kimoja, ukitaje kurasa mbili kabla, msomaji asione kama maumivu yameangushwa kutoka mbinguni.

Maumivu hushika ghafla mgongoni, kifuani, mapajani au mikononi, na yanaweza kudumu saa chache au wiki nzima. Usimfanye apige mayowe kila mara. Wengi waliokua nayo hunyamaza, hujikunja, hawataki kuguswa hata na shuka, ndiyo maana huambiwa wanajifanya. Huanza na panadol na ibuprofeni, zikishindwa mofini ya maji.

Kosa linaloudhi wagonjwa wakilisoma ni hili: "damu yake ilikuwa 7, akaongezewa haraka." Wengi wao huishi na hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) ya 6 hadi 9 na wanakwenda darasani. Damu huongezwa ikishuka sana chini ya kiwango alichozoea, akipata kiharusi, au kifua kikishambuliwa. Hilo la kifua ndilo la kuogopa: homa, kikohozi, pumzi fupi, oksijeni inashuka. Homa ya 38.5 peke yake ni dharura, kwa sababu bandama lao, kiungo kinachochuja vijidudu kwenye damu, kwa kawaida huwa limeshakufa utotoni na bakteria hawana wa kuwazuia. Matroni akisema "tusubiri kukuche", hapo una sura nzima ya riwaya.

Mhariri_wa_Vijana: Mimi nakwenda kwenye swali la pili, maana riwaya nyingi za wagonjwa zinafia wodini. Figo zao hushindwa kurudisha maji mwilini, mkojo unakuwa mwingi, na wanatakiwa kunywa kama lita 2 hadi 3 za maji kwa siku. Kwa hiyo Baraka ataomba ruhusa kila kipindi, mwalimu atachoka naye, na usiku anaweza kulowanisha godoro akiwa na miaka 16. Mvulana anayeanika godoro kabla wenzake hawajaamka, huku akimpenda msichana wa bweni la pili, ana siri nzito kuliko dripu yoyote.

Balehe pia huchelewa. Neema wa miaka 16 anaweza kuonekana wa 13 au 14, wenzake wamempita kimo, macho yana unjano unaozidi akiumwa. Kliniki ndipo mahali pekee ambapo hakuna anayemuuliza kwa nini macho yako hivyo. Mapenzi yaanzie hapo, si kwenye huruma.

Maabara_101: Kuhusu ndoa: wote wakiwa SS (wana selimundu, wamerithi jini lake kwa baba na kwa mama), kila mtoto wao atakuwa SS. Hakuna bahati nasibu, hivyo hakuna wasiwasi wa kuvutia kurasa. Ningembadilisha Baraka awe mzima anayemsindikiza mdogo wake kliniki. Wazazi wa Baraka na mdogo wake wakiwa AS wote wawili (wana jini moja tu, hawaumwi), kaka mzima ana uwezekano wa 2 kati ya 3 kuwa AS naye. Akiwa AA, yaani hana jini hilo kabisa, watoto wake na Neema wote watakuwa AS. Akiwa AS, kila mimba ni nusu kwa nusu: SS au AS.

Angalia kipimo lakini. Kile cha haraka cha kuangalia chembe zinavyopinda hakitofautishi AS na SS. Jibu la uhakika hutoka kwenye kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini, na hospitali nyingi ndogo hazina. Safari ya kulifuata jibu hilo ni sehemu ya hadithi.

KalamuMpya: Nimembadilisha Baraka tayari. Je, kifo?

Muuguzi_Damu: Mwache aishi. Anayemeza haidroksiyurea, dawa ya selimundu, kila siku na kuhudhuria kliniki ana nafasi kubwa ya kufika utu uzima. Ila dawa hiyo huchukua miezi 3 hadi 6 kuonyesha nguvu yake, picha ya damu hurudiwa mara kwa mara, na haitumiki ukipanga mimba. Msichana anayeacha vidonge mwezi wa pili kwa kuona havisaidii ni tukio la kweli kabisa.

Mhariri_wa_Vijana: Na ukitaka kuweka upandikizaji wa uloto (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu), Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inaufanya kwa watoto wenye selimundu. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi ya 1 kati ya 4 ya uloto wake kulingana na wa mgonjwa, kwa hiyo amua mapema Neema ana ndugu wangapi.