Tupeane uzoefu: kamera ya mkanda ya springi na ya umeme, ipi ilikuokoa na ipi ilikuacha njiani?

Mkandawazamani
Wakuu habari zenu. Jana napanga kabati nikakutana na Pentax K1000 ya marehemu baba, vumbi mpaka kwenye kitundu cha kuchungulia, nikavuta mkono nikabonyeza, ikalia "klak!" utadhani ilitumika juzi, na haijaguswa miaka zaidi ya 15. Kibetri chake cha mita ya kupima mwanga kilishakufa zamani lakini shata, yaani kile kilango kinachofunguka kuingiza mwanga kwenye mkanda, haina habari na betri, pale ni springi na meno tu. Pembeni yake ipo kamera yangu mwenyewe, ya umeme, mpya kuliko ile, ina mota ya kuvuta mkanda na kiskrini juu, nimeweka betri mpya nne, kimya kabisa. Nimezipanga mezani zote mbili naziangalia, roho inaniuma kwa sababu hii ya umeme ndo niliinunua kwa jasho langu. Tupeane uzoefu wadau, na kama kuna aliyewahi kuifufua ya umeme aseme alifanyaje.

Bintishata
Za springi hazifi. Sina la kuongeza.

Kivulichamchana
Umenikumbusha kitu ambacho huwa sikisimulii. Babu yangu alikuwa hataki kabisa kupigwa picha, kwenye albamu nzima ya ukoo yeye ama hayupo ama ameinamisha uso. Asubuhi moja akaniita mwenyewe, "mjukuu wangu, lete hiyo mashine yako, leo unipige." Akavaa koti lake, akakaa kwenye kiti nje juani, mikono juu ya magoti. Kamera yangu wakati huo ni ya umeme, shata inashikiliwa na sumaku, bila betri hupati kitu. Nikapima, nikabonyeza, kioo cha ndani kikapanda na hakikushuka. Nachungulia, giza. Nikatoa betri nikaifuta kwenye shati nikairudisha, giza. Babu anauliza "tayari?" namwambia "bado kidogo babu" na jasho linanitiririka mgongoni maana namjua, akinyanyuka pale hakai tena. Nikakimbia ndani kwa mjomba, ana Zenit E, nzito kama tofali, mita yake ni ile ya seleniamu isiyotaka betri ila ilishachoka haisogezi hata mshale. Nikavalisha mkanda wa ISO 100 (namba ya wepesi wa mkanda kwa mwanga) mikono inatetemeka, nikakumbuka ile kanuni ya jua kali, diafragma (tundu la lenzi) 16 na spidi iwe jirani na namba ya ISO, nikaweka 125, yaani sehemu moja ya 125 ya sekunde. Nikapiga nne. Mbili kafumba macho. Mbili zilizobaki ndo picha pekee za babu tulizonazo, hakukubali tena mpaka anaondoka duniani. Ile ya umeme fundi alipoifungua akanionyesha kwenye kikombe cha betri, chumvi ya kijani imekula mpaka waya. Betri niliiacha humo miezi, kosa ni langu.

Bintishata
Nimesoma mara mbili. Pole, na hongera kwa hizo mbili.

Robosekunde
Pole sana mkuu, lakini hapa mnazisifia springi kupita kiasi. Ya umeme ikifa unajua palepale. Ya springi inakufa huku inakudanganya. Mimi nilimaliza mkanda mzima wa picha 36 kwa spidi ya 1000, mlio ule ule, kila kitu sawa, kuja kusafisha, upande mmoja wa kila picha mweusi tii. Kumbe mafuta yameganda, shata ni mapazia mawili yanayofuatana, la kwanza linajikokota na la pili linaliwahi kabla halijafika mwisho. Safari ile hairudi. Ya umeme inahesabu muda kwa kwatzi (kijiwe kinachotetemeka kwa umeme) kama saa, haijawahi kunifanyia hivyo.

Mkandawazamani
Kwatzi inahesabu, sawa, lakini pazia linalotembea ni la chuma au kitambaa vilevile, nalo mafuta yakiganda kwatzi itafanya nini? Halafu hilo lako linatibika! Fundi anaosha mafuta ya zamani, anatia mapya kidogo, anarekebisha mvuto wa pazia, unaondoka. Saketi iliyokufa anairekebisha na nini?

Robosekunde
Na huyo fundi yuko wapi? Waliokuwa wanajua kazi wamezeeka. Unaongea kama spea za springi zinatengenezwa bado.

Mkandawazamani
Jino likivunjika mtu mwenye mashine anakuchongea lingine. Saketi nani atakuchongea?

Mezayafundi
Punguzeni moto jamani. Kwanza si kila ya umeme ni maiti betri ikiisha. Nikon FE2 inakuachia spidi moja ya springi, 250. F3 ya mwaka 1980 ina kiwiko pembeni, inapiga 60. FM2 ya 1982 ndo inafika 4000 bila betri kabisa, betri ni ya mita tu. Na FM3A ya 2001 ina vyote viwili, ukiiweka oto inatumia umeme, ukichagua spidi mwenyewe inatumia springi. Pili, umeme kufa si lazima saketi nzima. Minolta X-700 inajulikana, mara nyingi ni kapasita (kipipa kidogo kinachotunza umeme), mwenye mkono mzuri wa kuchomea risasi anaibadilisha. Kazi ngumu ni vile vikamera vidogo vya mfukoni, utepe wa waya ndani ukikatika hapo sina la kukuahidi.

Dolelabisibisi
Mnaofungua wenyewe nisikilizeni kabla hamjaumia. Nilikuwa na kikamera kidogo chenye flashi, kimezima, nimetoa betri, nikasema basi umeme haupo. Nimefungua skrubu tano, ganda likatoka, kidole gumba kikagusa miguu miwili ya lile pipa jeusi la flashi. Sikusikia maumivu kwanza, nilisikia mkono wote unarukwa, bisibisi ikagonga ukuta wa pili, mimi chini na kiti. Moyo unadunda vibaya sana. Lile pipa linahifadhi karibu volti 300 hata kama betri hazipo. Kwenye kidole nilibaki na alama mbili nyeupe kama nimechomwa na sindano ya moto.

Bintishata
Mungu wangu. Ulienda hospitali?

Dolelabisibisi
Nilienda, wakapima moyo, salama. Ila mke wangu alificha bisibisi zote.

Kivulichamchana
Sasa hilo pipa linatolewaje umeme?

Robosekunde
Gusa miguu yote miwili na bisibisi yenye mpini wa plastiki.

Mezayafundi
USIFANYE HIVYO. Inapiga cheche, inayeyusha ncha na inaweza kuua saketi. Tumia rezista (kipande kinachopunguza kasi ya umeme) yenye waya uliofunikwa, shikilia sekunde kadhaa, halafu pima na mita ya volti kama imeisha.

Lenzimoja
Mimi yangu ikigoma naipiga kofi pembeni, inaamka. Au pulizia yale mafuta ya kopo.

Mezayafundi
Mafuta ya kopo yanaingia kwenye majani ya shata yanagandishana kabisa. Nakuomba, usimshauri mtu.

Bintishata
Na kuhifadhi je, nikoki (nivute mkono shata iwe tayari kupiga) au nisikoki?

Lenzimoja
Usikoki, springi inachoka.

Robosekunde
Mimi naziacha zimekokiwa miaka yote, nzima.

Mezayafundi
Acha bila kukoki, toa betri, na kila mwezi piga shata kavu, bila mkanda, kwenye spidi zote. Mwenye kamera ya Zorki akoki kwanza ndo azungushe spidi, akianza kuzungusha anavunja ndani. Halafu angalieni ile sifongo nyeusi ya mlangoni, ikizeeka inageuka lami, inanata kwenye kioo na mwanga unapita. Hiyo haichagui springi wala umeme.

Mkandawazamani
Nimerudi wakuu. Nimefungua kifuniko cha betri cha hii ya umeme nikaona unga mweupe kwenye springi mbili za mwisho. Nimechovya pamba ya masikio kwenye siki, nikasugua polepole, inatoa vipovu, nikafuta, nikaacha ikauke, nikarudisha betri. Kiskrini kimeonyesha sifuri kwa kama sekunde mbili halafu kikazima. Mezayafundi, hizo sekunde mbili zina maana gani?

Mezayafundi
Zina maana umeme unafika. Sugua tena, na safari hii fuata waya unakoelekea.