Mrejesho: yule bibi jirani anayeishi peke yake

Assalamu alaykum. Niliomba ushauri kuhusu bibi jirani yetu hapa Ng'ambo, Unguja, aliyeanguka ukumbini akabaki chini mpaka alasiri bila mtu kujua. Ahsanteni sana, mmetusaidia.

Mwanzo alikataa katakata kuangaliwa na majirani. "Mie si mgonjwa, mwanangu, msinifanye mzigo." Aliyemlainisha ni shoga yake wa zamani. Walikubaliana hivi: akishasali alfajiri, anafungua dirisha la barazani. Ikifika saa mbili halijafunguliwa, mama wa nyumba ya pili anabisha hodi, na ufunguo wa akiba anao yeye. Watoto wakirudi chuoni (madrasa) humpitia, naye hawaachi waondoke bila visheti. Hilo ndilo limempa raha kuliko yote, maana anatoa, hapokei tu.

Kumbe hata Pensheni Jamii, ile ya serikali ya Zanzibar kwa wenye miaka 70 na zaidi iliyoanza 2016, hakuwa ameandikishwa. Tumempeleka kwa sheha, kiongozi wa mtaa, shughuli inaendelea.

Mwanawe aliyeko Muscat nimeshampa namba za majirani watatu. Kilichobaki ni choo: sakafu inateleza mno, fundi anakuja Jumamosi kuweka vishikio ukutani.