MREJESHO: Simu za ofisi kuwa bize

Wakuu, niliuliza kwa nini wateja wanakuta simu yetu bize wakati ofisini kuna simu sita zimekaa kimya. Nilitaka kuongeza ekstensheni. Kumbe ekstensheni ni namba ya ndani tu, kama 101 ya mapokezi na 104 ya mhasibu. Inayotoka nje ni laini, na sisi tunazo mbili.

Fundi alifungua swichibodi, ule mtambo unaogawa simu za ofisi, akanionyesha taa ya laini ya pili: nusu saa nzima haikuwaka. Laini ya kwanza, yenye namba kuu, ikishikwa, simu haikuwa inarukia ya pili. Tumeomba kampuni ya simu iziunganishe zipokezane, na jana wateja wawili wamepiga kwa pamoja, wote wakapokelewa.

Aliyeniambia nihesabu laini kabla ya kuhesabu simu za mezani, asante sana ndugu yangu.