Majibu ya vinasaba vya moyo yamesema "haijajulikana", dogo acheze au asicheze?

Sangara_Igombe: Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Nina karatasi ya kipimo cha vinasaba, ule ugonjwa wa misuli ya moyo kuwa minene. Kumeonekana badiliko kwenye jeni moja inaitwa MYBPC3 ila wameandika maana yake bado haijajulikana, si ndio hakuna tatizo? Kijana wangu ana miaka 16, Jumamosi ana majaribio ya mpira Dar.

MamaKirumba: Pole baba. Mume wangu moyo ulimsumbua tukampunguzia chumvi, sasa hivi anapanda kilima cha Bugando kwa miguu. Muombeeni mtoto.

Nesi_Mstaafu: "Haijajulikana" siyo "hakuna". Ni kwamba hawajaweza kusema kama badiliko hilo linaleta ugonjwa au ni tofauti ya kawaida tu, na sisi Waafrika tunayapata sana majibu hayo kwa sababu vinasaba vyetu vilivyochunguzwa ni vichache. Karatasi hiyo haimruhusu wala haimzuii. Ni ya nani?

Sangara_Igombe: Ya dada yangu, yuko Uingereza. Yeye moyo umeshaonekana mnene. Mzee wetu alianguka ghafla pale Mwaloni akafariki.

Nesi_Mstaafu: Dogo amewahi kuzimia?

Sangara_Igombe: Mara moja, uwanja wa Nyamagana, akiwa anakimbia. Ila jua lilikuwa kali na hakunywa chai, na nauli nimeshalipa, kocha kamhangaikia miezi mitatu nitamwambia nini?

Mzee_wa_Dagaa: Chai ndio hii tunayokunywa hapa. Dada Ulaya, baba kaanguka, mtoto kaanguka, halafu Jumamosi majaribio? Tunga taratibu.

Winga_Teleza: Foé wa Kameruni alianguka uwanjani Lyon 2003 mbele ya dunia nzima, ugonjwa huohuo, na msimu ule alikuwa anacheza ligi ya Uingereza. Niliiona mubashara, mpaka leo sijaisahau.

Nesi_Mstaafu: Iwe chai isiwe chai, anayezimia akikimbia na babu yake alikufa ghafla asiguse mpira mpaka apigwe ECHO, ile picha ya moyo, na ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo. Na wewe baba mtu upimwe. Zikitoka safi bado mtarudia, huu ugonjwa unaweza kuchelewa kujitokeza.

Sangara_Igombe: Situngi mzee wangu. Baba alikufa na miaka 41, mimi naitimiza mwezi wa pili. Kocha nimempigia. Dogo kajifungia hataki kula. Kesho asubuhi tunapanda hospitali ya Bugando wote wawili.

MamaKirumba: Mpelekee hata uji mlangoni.