Dalali ametaka tusaini mkataba kabla ya kutufungulia mlango: je, tunaonewa?

Swali

Ndugu zangu mnaoishi Marekani, naomba ushauri. Mimi na mume wangu tunatafuta nyumba yetu ya kwanza hapa Columbus, Ohio, na Jumamosi iliyopita tulikwenda kuoneshwa nyumba ya dola 280,000. Tulipofika, dalali alitandaza karatasi juu ya boneti la gari, akasema kwamba bila saini zetu hawezi kutuingiza ndani. Mkataba unasema tutamlipa asilimia 3, nao utadumu miezi 6. Dada yangu alinunua nyumba mwaka 2019 bila kumlipa dalali wake hata senti moja. Je, tunaonewa kwa ugeni wetu?

Jibu la 1

Pole, dada. Mimi ni dalali, na hata Mmarekani wa kuzaliwa anapewa karatasi hizo. Oktoba 2023 jopo la mahakama huko Kansas City, Missouri, lilikiona chama cha taifa cha madalali, NAR, kuwa kimeshiriki katika njama ya kupandisha kamisheni, na Machi 2024 chama hicho kikakubali kulipa dola milioni 418 na kubadili kanuni zake. Tangu tarehe 17 Agosti 2024, dalali anayetumia orodha ya pamoja ya nyumba, yaani MLS, lazima awe na mkataba wa maandishi na mnunuzi kabla ya kumtembeza, na kamisheni ya dalali wa mnunuzi hairuhusiwi tena kutangazwa humo. Zamani muuzaji ndiye aliyewalipa madalali wote wawili, wake na wa mnunuzi, kwa kawaida asilimia 5 hadi 6, kutoka katika fedha za mauzo. Ndiyo maana dada yako hakuiona kamisheni hiyo, ingawa fedha zenyewe zilitoka kwake.

Lakini tafadhali elewa jambo hili: kanuni inadai mkataba tu; asilimia 3 na miezi 6 ni matakwa ya dalali wako. Unaweza kuomba mkataba wa nyumba hiyo moja, au wa siku chache. Kiwango kikishaandikwa, dalali haruhusiwi kupokea zaidi ya hapo kutoka kwa mtu yeyote.

Jibu la 2

Naomba niongeze upande wa mnunuzi, kwa sababu hapo ndipo wenye akiba ndogo wanapoumia. Kwa mkopo wa FHA, yaani mkopo wa nyumba unaodhaminiwa na serikali ya Marekani, malipo ya awali ya asilimia 3.5 kwa nyumba hiyo ni dola 9,800, na kamisheni ya asilimia 3 ni dola 8,400 nyingine, ambazo kwa kawaida huwezi kuziingiza ndani ya mkopo. Kwa hiyo, mnapopeleka ofa, andikeni humo kwamba mnaomba muuzaji amlipe dalali wenu. Kanuni mpya hazikukataza jambo hilo. Sisi tuliomba asilimia 2.5, muuzaji akakubali 2, na nusu asilimia iliyobaki tukailipa wenyewe siku ya kukabidhiwa funguo.

Muuliza swali

Nawashukuru sana. Jana nilimpigia dalali wetu, nikamwomba tujadiliane upya, naye amekata miezi 6 na kuandika siku 30, kwa asilimia 2.5. Tutaingia kuiona nyumba Alhamisi jioni.