Flashi inaua mwanga wa moto kwenye ngoma ya usiku: navipataje vyote viwili?

Mpiga_Ligula
Wakuu, habari za jioni. Niko Mtwara mjini, kazi yangu ni ya ghala la korosho, kamera naishika jioni na mwisho wa wiki. Nina Canon 1300D na lenzi yake ya 18-55, pamoja na flashi ya Yongnuo YN560 niliyonunua kwa mtu.

Upande wa mama yangu ni Newala, na mwaka huu kuna kutoa wali, yaani vijana waliokuwa unyagoni. Mjomba amenipa ruhusa ya kupiga ngoma ya hadharani (ya ndani ya unyago siyagusi, hilo halina mjadala). Lipiko, yaani mchezaji aliyevaa kinyago, hutoka alasiri na ngoma ikinoga giza huikuta uwanjani, moto umewashwa pembeni. Hapo ndipo ninapokwama. Nikizima flashi, picha inajaa chenga (punjepunje) na mchezaji anakuwa kivuli kinachotikisika. Nikiiwasha juu ya kamera, sura ya kinyago inakuwa bapa kama sahani: chale zote alizohangaika nazo mchongaji zimefutika, ndonya, lile pambo la mdomoni, haionekani, nyuma ni weusi mtupu, moto haupo. Na vumbi la miguu limegeuka madoa meupe mbele ya kila kitu.

Mimi nataka mtu akiiona picha ajue ilikuwa usiku, ajue kulikuwa na moto, na bado aione kazi ya mchongaji. Hizi ngoma nazipenda kuliko ninavyoweza kueleza, na sitaki kuzitunza kwenye picha mbaya. Nianzie wapi?

Lenzi_ya_Lindi
Kaka, hesabu picha hiyo kuwa ni mbili zilizolaliana. Moja inachorwa na moto, nyingine na flashi, na kila moja ina kitasa chake.

Spidi ya shata inatawala moto tu. Flashi ikiwa kwenye nguvu ndogo huwaka na kuzima kwa muda mfupi kuliko 1/1000 ya sekunde, kwa hiyo ukipiga kwa 1/200 au kwa 1/15, kipande cha flashi kinabaki vilevile. Lakini moto, kwa 1/15, umepata muda mara 13 hivi zaidi. Ndiyo maana uwanja wako ulikuwa mweusi: nina hakika kamera ilikuwa kwenye spidi ya juu. Tundu la lenzi (ile namba ya f) na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, vinagusa vyote viwili.

Kwa hiyo zima flashi kwanza. Weka kamera kwenye M (unapanga kila kitu mwenyewe), f/4, ISO 1600, shusha shata mpaka moto na watu wa nyuma waonekane kwa mbali, tuseme 1/15 au 1/20. Ukiridhika, washa flashi kwenye 1/32 ya nguvu yake na upandishe au ushushe nguvu mpaka kinyago kikae sawa. Mchezaji ataacha mkia kidogo wa mwendo, lakini mwanga wa flashi utaugandisha uso. Mimi mkia huo naupenda, ngoma si sanamu.

Sasa la muhimu kuliko yote: itoe flashi juu ya kamera. Mwanga wa mbele hauna kivuli, na chale bila kivuli hazionekani. Mpe kijana aishike upande, mita 2 hivi kutoka kwa mchezaji, juu kidogo ya kichwa. Vumbi nalo litapungua, kwa sababu linalokuharibia ni lile la mbele ya lenzi linalomulikwa moja kwa moja. Kama huna triga (kifaa cha kuiwasha flashi kwa mbali), weka YN560 kwenye S2, ambapo huwaka ikiona mwanga wa flashi nyingine, halafu fungua flashi ndogo ya kamera na uipunguze hadi mwisho. Hiyo ndogo itaiamsha kubwa, mradi zionane.

Binti_Mikindani
Naongeza rangi. Moto ni wa chungwa, flashi ni nyeupe kama ya mchana, ukivichanganya hivyo kinyago kitaonekana kimebandikwa. Funika kichwa cha flashi kwa plastiki ya rangi ya chungwa, kisha weka kamera kwenye mwanga wa balbu ya zamani. Vitakubaliana.

Halafu kuna akina mama wanaoimba pembeni, usiwasahau. Ngozi zetu zikiwa na jasho, flashi ya moja kwa moja inatoa mabaka meupe kwenye paji la uso na mengine yote yanazama. Elekeza flashi kwenye shuka jeupe lililoshikwa wima, mwanga urudi ukiwa mpana. Nyumba za makuti hazisaidii, paa linameza mwanga, lakini ukuta uliopakwa chokaa ni dhahabu. Mimi harusi za hapa Mikindani napiga hivyo tu.

Mpiga_Ligula
Dada, kaka, ahsanteni sana, hilo la kivuli kwenye chale limenigusa. Niulize na jingine: nahodha mmoja wa hapa Shangani amekubali nipande naye siku za giza, wakienda kuvua dagaa kwa taa. Mbinu ni hiyohiyo?

Babu_wa_Bandari
Hapana mjukuu wangu. Huko flashi iache nyumbani.

Wavuvi wanafanya kazi macho yakiwa yamezoea giza na maji. Ukiwamulika ghafla mtu anayevuta wavu, umemtia hatarini. Tena huihitaji: taa zao zenyewe ndizo picha, kwani zinamulika nyuso kutoka chini na pembeni, na maji yanaurudisha mwanga. Stendi ya miguu mitatu haina maana, chombo kinayumba. Tafuta lenzi ya 50mm f/1.8, ISO 3200, spidi isishuke chini ya 1/100, na uvumilie chenga. Siku hizi wengi wana taa za LED badala ya karabai, basi rangi ni nyeupe, usiweke mpangilio wa balbu aliokupa binti hapo juu.

Lenzi_ya_Lindi
Kweli mzee. Na kwa ile ngoma ya Newala, beba betri za AA seti mbili, flashi inakula nne kwa mpigo. Utuwekee picha hapa, mjomba akiridhia.