Mtawa haruhusiwi kupokea fedha, ila monasteri zilikopesha kwa riba: tasnifu isimamie wapi?

Mwanatasnifu

Wakuu, salaam. Nipo kwenye pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili, taaluma ya dini. Kichwa cha awali kilikuwa "Mtazamo wa Ubuddha kuhusu mali na nafasi ya watawa katika jamii". Msimamizi amekirudisha na maneno mawili pembeni: "Ubuddha upi?"

Ninapokwama ni hapa. Vinaya, yaani sheria za watawa, inamkataza mtawa kupokea dhahabu na fedha. Papo hapo wanahistoria wanaeleza monasteri zenye mashamba, watumishi na mitaji iliyokopeshwa kwa riba. Je, nichukulie kwamba watawa walikuwa wakivunja kanuni zao? Au naisoma kanuni vibaya? Na kwa mtu asiyejua Kichina wala Kitibeti, tafsiri zitanifikisha wapi? Ninayo Vinaya ya Kipali (lugha ya kale ya India) kwa Kiingereza, juzuu sita.

JuzuuTano

Umesoma nusu. Wengi husoma sentensi ya kanuni wakafunga kitabu, ilhali katika Suttavibhanga, sehemu ya Vinaya inayofafanua kanuni, kila kanuni ina matabaka: kisa kilichosababisha itungwe, kanuni yenyewe, ufafanuzi wa neno kwa neno, hali mbalimbali na uzito wa kosa katika kila hali, na mwishoni mambo yasiyohesabiwa kuwa kosa. Kwa anayechunguza jamii, tabaka la mwisho ndilo lenye utamu, kwa sababu hapo unawaona wanasheria wa kitawa wakiamua mlango upi ubaki wazi. Matabaka haya hayakuandikwa siku moja. Kanuni huhesabiwa kuwa ya zamani kuliko kisa chake, basi usichukue kisa ukakifanya ushahidi wa maisha ya Buddha mwenyewe.

Kanuni yako ni ya 18 kati ya 30 za kundi la nissaggiya, yaani makosa ambayo kitu kilichopokelewa lazima kisalimishwe. Inakataza vitendo vitatu: kupokea dhahabu au fedha, kumfanya mtu akupokelee, na kuridhia ikiwekwa kwa ajili yako. Adhabu si kufukuzwa, ingawa utakuta imeandikwa hivyo. Makosa ya mtawa wa kiume kufukuzwa ni manne tu: kufanya ngono, kuiba, kuua binadamu, na kujidai kwa uongo kuwa amefikia daraja za juu za kiroho. Hili la fedha linaisha kwa kuisalimisha mbele ya jumuiya na kuungama.

Utaratibu wa kuisalimisha umeandikwa kwa undani wa kushangaza. Akiwepo mlei, anaambiwa aione. Akiuliza alete nini badala yake, haruhusiwi mtu kumwambia "leta kitu fulani". Anatajiwa tu vitu ambavyo mtawa anaruhusiwa kutumia, kama samli, mafuta, asali au sukari guru. Akivileta, wote wanatumia isipokuwa yule aliyepokea fedha. Njia hiyo ikishindikana, jumuiya inamteua mtawa mwenye sifa tano akaitupe, tena bila kuweka alama pale inapoangukia.

Sasa rudi kanuni ya 10 ya kundi hilohilo. Mfalme akituma pesa ya vazi, mtawa anaikataa, ila anaweza kumwonyesha mjumbe ni nani anayewahudumia watawa. Mjumbe anamwachia huyo wakili pesa na maelekezo. Mtawa akihitaji vazi, anaruhusiwa kumkumbusha wakili kwa maneno mara mbili au tatu, na asipopewa, asimame kimya mbele yake hadi mara sita. Vazi likipatikana kwa kuzidisha hapo, ni kosa. Lisipopatikana, anampelekea mtoaji habari kwamba pesa yake haijafanya kazi, akaidai mwenyewe.

Ongeza Mahavagga, sehemu nyingine ya Vinaya (Vin I 245, yaani juzuu ya kwanza ya toleo la Kipali, ukurasa 245), idhini inayohusishwa na mlei Mendaka: waumini waweke dhahabu kwa wakili, na mtawa akubali kinachonunuliwa nayo kihalali, si dhahabu yenyewe.

Ukizisoma hizi tatu pamoja, swali la "walivunja au hawakuvunja" linapoteza nguvu. Kinachosimamiwa ni mkono wa mtawa, kauli yake na ridhaa yake. Monasteri kuishi nje ya uchumi haikuwa shabaha.

Tanbihi

Sawa, ila yote hayo ni Theravada, shule ya Ubuddha inayotumia hiyo Vinaya ya Kipali. Vinaya kamili zilizotufikia ni sita, kila moja ya shule yake. Nne kati ya hizo (Sarvastivada, Dharmaguptaka, Mahasanghika na Mahisasaka) zilitafsiriwa Kichina katika muda mfupi sana, kati ya miaka 404 na 424 hivi. Ya sita, Mulasarvastivada, ipo nzima kwa Kitibeti, sehemu kwa Kisanskriti kutokana na miswada iliyopatikana Gilgit, kaskazini mwa Pakistan ya leo, mwaka 1931, na sehemu kwa Kichina cha mtawa Yijing, aliyerudi China kutoka safari yake ya India mwaka 695.

Kwa mada yako hiyo ya sita ndiyo dhahabu. Ina kifungu ambamo wafadhili wanalalamika kwamba monasteri walizozijenga zinabomoka. Wanaleta mtaji wa kudumu, watawa wanauweka tu ghalani, majengo yanaendelea kuanguka. Ndipo inapotolewa ruhusa, au tuseme amri, kwamba mtaji huo ukopeshwe kwa riba kwa faida ya jumuiya. Masharti yamewekwa: rehani yenye thamani mara mbili ya mkopo, hati ya maandishi yenye muhuri na mashahidi, ikitaja tarehe, viongozi wa monasteri, mkopaji, kiasi na riba. Mtafiti wa Ubuddha Gregory Schopen alikitafsiri na kukichambua kifungu hicho mwaka 1994, kwa hiyo unaweza kukifikia bila Kitibeti. Usikinukuu kama "Ubuddha unasema". Ni Vinaya hiyo inayosema.

Ushahidi wa pili ni maandishi ya mawe. Chukua pango la 10 la Nasik, magharibi mwa India, karne za mwanzo baada ya Kristo. Ushavadata, mkwe wa mtawala Nahapana, ameweka sarafu 3,000 ziitwazo kahapana kwenye vyama vya wafumaji: 2,000 chama kimoja kwa riba ya 1 kwa mia, 1,000 chama kingine kwa robo tatu kwa mia. Mtaji haurudishwi, inaliwa riba tu. Ile 2,000 ni ya mavazi, kahapana 12 kwa kila mtawa kati ya 20 wanaokaa pangoni msimu wa mvua.

Piga hesabu mwenyewe. Watawa 20 mara 12 ni 240. Moja kwa mia ya 2,000 ni 20. Ili ifike 240, riba lazima iwe ya kila mwezi. Anayeisoma kama riba ya mwaka anapata mtaji usiotosheleza hata watawa wawili. Angalia pia fedha ilipo: kwa wafumaji, si mkononi mwa mtawa. Ile kazi ya wakili aliyoieleza JuzuuTano, hapa inafanywa na chama cha mafundi.

Tena usisahau Sanchi na Bharhut, majengo matakatifu ya Kibuddha huko India. Kwenye majina ya waliochangia ujenzi kuna watawa wengi, wa kiume na wa kike. Mtu hachangii asichokuwa nacho.

KaratasiNgumu

Naongeza jambo dogo linaloangusha tasnifu nyingi: namba za juzuu.

Toleo la Kipali la Oldenberg (1879–1883) lina juzuu tano na linaanza na Mahavagga. Tafsiri ya Horner (1938–1966), ambayo nadhani ndiyo uliyonayo, ina juzuu sita na inaanza na Suttavibhanga. Kwa hiyo Vin I ya Kipali iko juzuu ya IV kwa Horner. Kanuni ya 18 ya fedha iko Vin III kwa Kipali, lakini juzuu ya II kwa Horner. Ukiandika "Vinaya II, uk. fulani" bila kusema toleo lipi, mtahini akifungua atakuta habari nyingine kabisa. Tumia Vin kwa Kipali na kifupisho tofauti kwa tafsiri, kisha ukitangaze ukurasa wa vifupisho. Ndani ya tafsiri, kurasa za Kipali zimewekwa kwenye mabano, basi toa zote mbili.

Kwa Kichina, toleo la Taisho, mkusanyiko wa matini za Kibuddha kwa Kichina, linanukuliwa kwa namba ya matini, juzuu, ukurasa na safu a, b au c. T 1428, 22:567b maana yake matini namba 1428 (Vinaya ya Dharmaguptaka), juzuu ya 22, ukurasa 567, safu ya kati. Wengi huchanganya namba ya matini na juzuu. Na ukija kupata mtu wa kukusomea Kichina, mwambie asiamini vituo (alama za uandishi) vya Taisho. Viliwekwa na wahariri wa karne ya 20 na mara nyingi vinakata sentensi pasipo pake.

MsomaJamii

Upande wa nadharia mmeuruka. Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani, kwenye makala zake za 1916–17, aliuchora Ubuddha wa mwanzo kama njia ya mtu aliyejitenga na jamii na siasa. Aliujenga kwa matini zilizokuwa zimetafsiriwa wakati wake. Mwanaanthropolojia Spiro naye mwaka 1970 alitumia utafiti wa Burma kugawa mifumo mitatu: wa kutafuta nirvana, wa kutafuta karma njema kwa ajili ya maisha yajayo, na wa kujikinga na mabaya ya leo. Mgawanyo huo unafaa kupanga data, ila ukiufanya daraja, wa juu safi na wa chini ulioharibika, umekwisha. Mwanakijiji anayetoa sadaka ya chakula na kukariri matini ya kinga haoni kuwa yumo kwenye dini mbili.

Pia tenganisha Vinaya na mawaidha kwa walei. Digha Nikaya, mkusanyiko wa sutta (mawaidha) za Kipali, katika sutta ya 31 inamshauri kijana agawe mapato mafungu manne: moja la kutumia, mawili ya kazi, moja akiba ya shida. Sutta ya 5 inamtaka mfalme awape wakulima mbegu, wafanyabiashara mtaji na watumishi ujira. Sutta ya 26 inaeleza jinsi mfalme kutowapa maskini mali kulivyozaa wizi, kisha mauaji. Ukizichanganya na kanuni ya fedha ya mtawa, utahitimisha kwamba Ubuddha "unajipinga", kumbe umechanganya wasikilizaji wawili.

Ambedkar, kiongozi wa watu wa tabaka la chini India, na tukio la Nagpur la 14 Oktoba 1956 alipoingia Ubuddha na wafuasi wengi, pamoja na nadhiri zake 22, yaache. Ni tasnifu nyingine.

Mwanatasnifu

Shukrani nyingi wakuu. Kichwa kipya: "Ridhaa, wakili na mtaji wa kudumu: kanuni ya fedha katika Vinaya ya Theravada na ya Mulasarvastivada". Sura ya pili Kipali, ya tatu kifungu cha mikopo, ya nne maandishi ya Nasik kama utekelezaji wa kile kifungu cha Mulasarvastivada. Imekaa sawa?

Tanbihi

Kichwa kimekaa. Sura ya nne ndiyo itakayokuponza. Maandishi ya Ushavadata yanalitoa pango kwa jumuiya ya watawa ya pande zote nne, hayataji Mulasarvastivada popote. Na pango la 3 palepale Nasik lilitolewa kwa Bhadrayaniya, kundi lingine kabisa. Huwezi kusema watawa wa pango la 10 walikuwa wakitekeleza kifungu hicho, wala kwamba walikijua.

Unachoweza kusema ni kwamba wazo la mtaji usioliwa, wenye riba inayowahudumia watawa, lipo kwenye matini na lipo kwenye jiwe. Halafu linganisha vipengele: nani anashika fedha, kama kuna rehani, kama kuna hati, riba inaenda kwenye nini. Kwenye kifungu, watawa wanakopesha na riba inakwenda kwenye matengenezo. Nasik mfadhili anaweka mwenyewe kwa wafumaji, na riba ni ya mavazi. Tofauti hizo zipe nafasi kubwa kuliko mfanano, na neno "utekelezaji" ulifute.